Mshenga Aliyefika Kinyumenyume

Habari za msiba zilinikuta sokoni hapa Singida Mjini, mkononi nikiwa na kitunguu. Mama mmoja wa Mungaa, ambaye huja na lori la asubuhi kuuza vitunguu na kuku, alinitazama kidogo kama mtu anayetafuta mahali pa kutua mzigo, kisha akasema, "Yule mzee wako wa ndege ametutoka jana. Amekula vizuri, amecheka, amejilaza, basi." Nikampa pole, naye akanipa pole, tukainamisha vichwa kama inavyotakiwa. Halafu, wasomaji wangu, nikacheka. Naomba mnisikilize kabla hamjamwandikia mhariri. Nilijaribu kuuleta uso wa marehemu mbele ya macho yangu ili nihuzunike ipasavyo, na badala ya uso ukaja mgongo: mgongo mpana wenye kanzu iliyofifia, ukirudi nyuma polepole kuelekea boma la wakwe zangu, mikono imetanuliwa kama ya mtu anayevuka mto. Yule mama hakukasirika. Alikiangalia kitunguu kikitetemeka mkononi mwangu, midomo ikaanza kumcheza, na mara tukawa wawili tunaocheka mbele ya tenga la kuku, watu wakipita kwa mbali.

Mgongo huo sikuuona mimi. Siku ile nilikuwa hapa mjini, nimejifungia chumbani, nauma kucha. Nimesimuliwa tu, na nimesimuliwa mara nyingi hadi naujua kuliko mgongo wangu mwenyewe. Hilo peke yake linanitia wasiwasi, maana kitu ninachokiamini kuliko vyote katika ndoa yangu ni kitu ambacho sikukiona. Lakini nianze mahali panapostahili. Sentensi ya kwanza ya safu hii nimeiandika na kuifuta hadi karatasi imetoboka, kwa hiyo msishangae mkiniona naogopa kuziharibu zilizobaki.

Marehemu alikuwa mkulima wa uwele na mfugaji, Mwislamu asiyekosa sala ya Ijumaa, mcheshi, mbishi, mwenye sauti ya kumfanya ng'ombe wa jirani ageuke. Pamoja na dini yake alikuwa na imani nyingine aliyoipata kwa baba yake, na baba yake kwa babu: alimwamini kigogota. Hata aliyekulia mjini anamjua, yule ndege anayegonga miti kwa mdomo kama fundi aliyechelewa kumaliza kazi. Ukiwa njiani kwa jambo kubwa, hasa jambo la posa, na kigogota akagonga upande wako wa kulia, endelea, mambo yako mazuri. Akigonga kushoto, rudi nyumbani, kunywa maziwa, ujaribu siku nyingine. Ushahidi alikuwa nao tele. Alimjua mtu aliyempuuza kigogota wa kushoto akafika kwa wakwe akakuta nyumba imeungua. Alimjua mwingine aliyevunjika mguu kabla hajafika. Nikamwuliza kama hakuna waliompuuza wakafika salama. "Wapo wengi," akanijibu, "lakini hao hawana la kusimulia."

Nilimcheka, na sikuwa na haki ya kumcheka. Mimi sikukaa darasani. Kusoma nilijifundisha kwa karatasi za magazeti makuukuu ambazo wenye maduka hufungia chumvi na sukari, nikiziokota, nikizinyoosha kwa kiganja, nikizisoma hadi wino unahamia vidoleni. Elimu ya namna hiyo ina taabu yake, kwa sababu karatasi ya dukani huchanwa popote. Nilijua mwanzo wa mambo mengi na mwisho wa mambo mengine, na katikati nilijaza mwenyewe. Na kwa kuwa maneno yalikuwa yamepigwa chapa, niliyaamini. Kulikuwa na kipande kilichosema kwamba maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kila asubuhi, huimarisha sana, na hapo hapo karatasi ikaishia. Huimarisha nini? Nikaona ni lazima iwe akili, maana ndiyo niliyokuwa na hofu nayo. Nikawa nakunywa kikombe kila kukicha, na naapa nilijisikia mwerevu. Siku moja nikalala kwa mzee huyu Mungaa, na asubuhi nikamwomba mkewe maji ya moto na chumvi. Mzee akataka kujua ni ya nini.

"Ni ya akili, mzee."

"Umejuaje?"

"Imeandikwa."

"Aliyeandika unamfahamu?"

"Simfahamu. Lakini naona yanafanya kazi. Tangu nianze, sisahau kama zamani."

"Zamani ulikuwa unasahau nini?"

Nikafikiri. "Sikumbuki," nikasema.

Alicheka hadi mkewe akatoka jikoni na mwiko mkononi kuja kuona kuna nini. Mimi nilikunywa maji yangu kwa hasira. Baadaye kijana mmoja wa bomani, kwenye ofisi za serikali, alinipa gazeti zima, na kwa bahati lilikuwa lile lile la kipande changu. Habari ilihusu kwato za maksai wa kukokota plau. Maji yenyewe hayakuwa hata ya kunywa. Ni ya kuwasimamisha ndani yake. Nilipomletea mzee habari hiyo, maana sikuweza kuificha, hakucheka mara moja. Alinitazama miguuni kwa muda mrefu. "Na kweli," akasema, "siku hizi unatembea vizuri."

Wala hakuwaonea vijana peke yao. Aliwahi kuwa kibarua wa barabara, na asubuhi moja yeye na genge lake waligoma kuanza kazi kwa sababu kigogota aligonga kushoto. Msimamizi wao, Mzungu mrefu mwenye kofia iliyomzidi kichwa, aliwakusanya kando ya lori akawahutubia juu ya upumbavu wa kuogopa ndege. Mtu mwenye akili, alisema, huamini kile ambacho amekiona kwa macho yake. Akawapa mfano wa lori lake: yeye hulitunza, hulitia mafuta, ndiyo maana halijapata kumharibikia njiani hata siku moja. Na aliposema hivyo, akagonga ubao wa lori kwa vifundo vya vidole, ko ko ko.

Marehemu akainua mkono. "Bwana, hodi hiyo ya nini?"

"Hapana hodi. Hii desturi tu. Kwetu mtu nasema jambo zuri, nagonga mti. Bahati hapana kimbia."

"Jamani," marehemu akawaambia wenzake, "kumbe bwana naye ni kigogota."

Genge zima lilikaa chini kwa kicheko, na yule Mzungu, baada ya kufasiriwa vizuri, alicheka naye hadi kofia ikamwangukia mabegani. Wakapatana waanze kazi mchana. Juma lile lile lori likamharibikia katika mteremko wa kushukia Sekenke, na walipomkumbusha habari ya kugonga, aliwaeleza kwa uso wa dhati kabisa kwamba siku ile hakugonga mti, aligonga penye bati. "Hapo nikampenda," marehemu aliniambia. "Nikajua huyu ni mtu kama sisi."

Sasa nije kwenye posa yangu, ambayo ndiyo iliyoniunganisha na mzee huyu mpaka kifo. Mke wangu ni Mnyiramba. Nilimkuta hapa mjini kwa mama yake mdogo, karibu na ziwa Kindai, akaniuliza nimesoma wapi, nikamjibu kwa hofu, "Kwenye chumvi," naye akadhani ni jina la shule. Nilipomweleza, alicheka kwa namna ambayo nilitaka kuisikia kila siku. Baba yake, mzee wa kanisa kule Iramba, mwimbaji wa sauti ya chini, hakuwa na neno baya juu yangu kwa sababu hakunijua. Alitoa sharti moja tu. Mshenga wangu afike nyumbani kwake kwa desturi, azungumze naye uso kwa uso, kabla uwele haujavunwa. Asipofika, atampa jibu karani mmoja wa Sekenke ambaye mshenga wake alikuwa amekwisha kuja, amekula, na amesifu chakula. Karani huyo alikuwa na baiskeli na viatu vya ngozi. Mimi nilikuwa na karatasi zangu. Sikulala vizuri tena hadi mambo yalipokwisha.

Mzee wa Mungaa alikubali kunisimamia kwa moyo wote, akavaa kanzu yake, akapanda lori. Akarudi. "Leo haifai," akasema. Ilikuwa hivi: lori humshusha mtu barabarani, na kutoka hapo ni njia moja ya miguu hadi kwa baba mkwe. Katikati ya njia hiyo umesimama mgunga mkavu, na ndani ya mgunga, upande wa kushoto wa mtu anayekwenda, kigogota alikuwa anagonga. Basi mzee akageuza. Safari ya pili akageuza tena, akaniambia kwa heshima kubwa, "Yule ndege ana msimamo." Wakati huo uwele ulikuwa umekwisha kubeba masuke na watoto walikuwa mashambani wanafukuza ndege wengine, wale wanaokula nafaka na ambao hakuna anayewauliza chochote.

"Mzee," nikamwambia, "ndege yule ana nyumba pale. Atagonga kushoto mpaka mti uanguke."

"Basi tungoje uanguke."

"Uwele hautangoja."

"Unataka nikupeleke kwa wakwe na mkosi mgongoni?"

Hapo nikalia. Nimejaribu kulitafutia neno jingine la heshima zaidi, sikulipata. Nililia mbele yake kama mtoto aliyenyimwa kuku, na nilipokuwa nalia nilijilaumu kwamba nalia vibaya. Machozi yalifanya kazi ambayo hoja zangu zilishindwa kuifanya. Mzee akachora chini kwa fimbo: mstari wa njia, nukta ya mti. Akatembeza kidole kwenda, akatembeza kidole kurudi.

"Nilipokuwa narudi, ndege alikuwa upande gani?"

"Kulia, mzee."

"Kwa hiyo nilikuwa na heri ya kuja kukuambia nimeshindwa." Akatembeza kidole tena, macho yakaanza kung'aa. "Hajali mtu anakwenda wapi. Anajali ametazama wapi. Kijana, mimi nitakwenda nimetazama huku."

Nanyi mnadhani nilimpinga? Mimi, msomi wa karatasi za chumvi, niliona hoja ni nzito kabisa. Nilimbusu mkono.

Yaliyofuata nimeyapata kwa mke wangu, aliyekuwa uani anatwanga. Anasema mbwa walianza kubweka kisha wakanyamaza, wakawa wanatazamana. Kwenye njia alikuwa anakuja mgongo. Mzee alikuwa amekusudia kugeuka akiisha kuupita mgunga, lakini ndege aliendelea kugonga, na mlio ulikuwa unamfuata, basi akaona asijihatarishe. Akapita mlango wa boma kinyumenyume, akapita ndama, na kwa mujibu wa mke wangu akakaa juu ya lundo la samadi. Marehemu alikana samadi hadi mwisho wa maisha yake. Alisema alichuchumaa kwa adabu.

Baba mkwe alikuwa ametoka nje ya tembe. Akatazama kwa muda. "Huyu," akawauliza watu wa nyumbani, "anakuja au anaondoka?"

"Nakuja, mzee mwenzangu," mgongo ukajibu. "Hodi."

"Kwa mgongo?"

"Nimekuja kwa heri. Nigeuke nikueleze."

Akageuka, akaeleza yote: kigogota, kulia, kushoto, mstari wa njia. Alieleza kwa fahari, kama mtu aliyevumbua baiskeli. Baba mkwe alimsikiliza hadi mwisho, na uso wake ukawa mzito. "Kwenu Mungaa," akasema, "wa kulia ndiye wa heri?"

"Ndiyo. Tangu babu."

"Kwetu hapa wa kushoto ndiye wa heri. Tangu babu."

Mke wangu anasema aliacha kutwanga. Mchi ulibaki juu.

"Ndege wangu," baba mkwe akaendelea, "alikukaribisha mara ya kwanza, ukarudi. Akakukaribisha mara ya pili, ukarudi. Leo amekukaribisha tena, na wewe kwa makusudi yako umegeuka, ukaifanya heri kuwa mkosi, ukaniingizia nyumbani kwangu kwa mgongo. Karani wa Sekenke, mshenga wake alipita pale bila kumsikiliza ndege yeyote, akaja mbele mbele. Sioni kwa nini nisimjibu yeye."

Tafakarini hali hiyo. Mmoja wa msikiti, mwingine wa kanisa, wote wawili wakisali kwa Mungu mmoja, na wanachokigombania ni mdomo wa kigogota. Katikati yao ni mimi, niliyekuwa mbali, nauma kucha ya kidole gumba. Kama marehemu angekuwa mtu wa kukasirika, leo mke wangu angekuwa Sekenke anang'arisha viatu vya ngozi. Lakini yeye alikuwa na tabia ambayo sijaiona kwa mtu mwingine: ukimwonyesha jambo asilolijua alifurahi kama aliyeletewa mgeni. Kwamba kuna watu wanaoamini kushoto! Alimshika baba mkwe mkono. "Mzee mwenzangu, kweli kushoto? Na safari zenu zinafika?"

"Zinafika. Kwani zenu?"

"Zinafika zile zinazofika." Akafikiri. "Twende kwa ndege mwenyewe."

Wakaenda, na nyumba nzima nyuma yao. Penye mgunga marehemu akampanga baba mkwe kama anayepanga viti vya harusi. "Wewe simama huku, uelekee nyumbani kwako. Ndege yuko mkono gani?" Kushoto. "Mimi nasimama hapa, mbele yako, naelekea barabarani. Ndege yuko mkono wangu wa kulia. Sasa tutazamane. Akigonga, amegonga heri yenu na heri yetu kwa mdomo mmoja." Baba mkwe alichunguza mkono wake wa kushoto, akachunguza mkono wa kulia wa mwenziwe, na hakuona kasoro. Wakasimama uso kwa uso, kimya, wakingoja.

Ndege hakugonga. Alikuwa pale juu, wanamwona, anajikuna. Jua likapanda. Hakuna aliyethubutu kuondoka mahali pake, maana akisogea heri itaharibika, na wazee wawili waliosimama wanatazamana hawawezi kunyamaza siku nzima. Baba mkwe akaanza kuuliza. Huyo kijana anafanya kazi gani?

"Anaandika. Akiliandika neno, anarudi kuliangalia kama halijatoroka."

"Anakunywa?"

"Maji ya chumvi." Ikambidi aeleze habari ya kwato, na baba mkwe, aliyekuja pale na uso mzito, akaanza kutikisika mabega.

"Yaani alikuja mwenyewe kukuambia kwamba yalikuwa ya maksai?"

"Mwenyewe. Alitembea kutoka mjini."

"Mshenga wa karani," akasema baba mkwe polepole, "ameniambia mtu wake hajapata kukosea."

"Wangu hukosea kila juma. Ila akijua, utamwona mlangoni."

 Baba mkwe akauliza tutaleta lini mahari. Ndivyo nilivyooa, wasomaji wangu: kwato za maksai zilivishinda viatu vya ngozi.

Na ndege je? Hapo ndipo usingizi wangu unapoharibika, kwa kuwa mimi ni mtu wa kutaka kila jambo lithibitike kabla halijaenda kwa mhariri. Niliwauliza mashahidi wote. Marehemu alisema ndege aligonga mara tu mahari ilipotajwa, kwa nguvu, kila mtu akasikia. Mke wangu anasema hakugonga kabisa, aliruka akaenda zake. Baba mkwe anasema hajui, alikuwa anacheka. Watu watatu wakweli, mti mmoja, mchana mweupe. Nimewahi kuwapanga kwa daraja la uaminifu, nikaona aibu, nikaacha.

Nilipomtembelea marehemu mara ya mwisho, amekaa juani anamenya vitunguu, machozi ya vitunguu yanamtoka huku anatabasamu, nilimwuliza tena. Shikamoo, marahaba, na baada ya habari za watoto nikamwomba aniambie kweli. Aliweka kisu chini.

"Nilisikia," akasema. "Lakini kijana, nilitaka mno kusikia."

"Kwa hiyo hakugonga?"

"Sijasema hivyo. Nasema nilisikia, na nilitaka kusikia, na siwezi tena kuvitenganisha. Tangu siku ile, jambo likinifurahisha sana masikioni, nasikiliza mara ya pili."

"Na kigogota? Bado unamwamini?"

"Nikimkuta njiani nasimama, namsalimu, halafu naendelea na safari yangu. Ndege aliyekubali kuwa kushoto na kulia kwa wakati mmoja si wa kumsumbua kwa maswali." Akachukua kisu chake. "Ila usimwambie mke wangu. Yeye akisikia wa kushoto bado anarudi nyumbani."

Nimekuwa nikiyawaza maneno yake tangu sokoni. Siku hizi ni siku za mikutano. Kila kiwanja kina msemaji, na watu huenda kusikiliza hotuba moja kisha wakarudi kila mmoja na hotuba yake. Bwana Shamba huwaonyesha wazee mwaka ambao matuta yalileta mavuno, nao humwonyesha mwaka ambao hayakuleta, kila upande ukiwa na kigogota wake juu ya mti. Mimi mwenyewe hupokea gazeti linalosema niliyokuwa nikiyafikiri, nikalisifu kwamba limeandikwa kwa utafiti, na lile linalonipinga hulikagua nukta kwa nukta. Nakiri hayo bila kulazimishwa. Kinachonifurahisha, hata katika wiki hii ya msiba, ni kwamba nilimjua mtu mmoja aliyekamatwa na imani yake peupe, kinyumenyume, pengine juu ya samadi, na jambo hilo halikumwondolea usingizi hata kidogo. Alilisimulia kwenye harusi. Mimi kosa la mkato tu hunitoa jasho.

Tulikwenda Mungaa kuhani msiba, mimi na mke wangu, tukakuta amekwisha kuzikwa. Kutoka liliposimama lori ni mwendo mzuri wa miguu kati ya majabali na mashamba, na tulitembea kwa heshima, kimya, hadi tuliposikia ko ko ko. Upande wa kushoto. Mke wangu akatabasamu, kwa sababu kwake ni heri. Mimi nilisimama. Najua yote niliyowaandikia hapa juu, na bado miguu ilisimama yenyewe.

"Mwandishi," akaniambia, "unarudi nyumbani kunywa maziwa?"

Nikapita mbele yake, nikamgeukia, kigogota akawa kulia kwangu na kushoto kwake. Tukaendelea hivyo kuelekea msibani, yeye akitembea mbele mbele, mimi kinyumenyume, na ndipo nilipogundua jambo ambalo marehemu hakuniambia, labda kwa kuwa siku ile alikuwa peke yake: mtu anayetembea hivyo haoni anapokwenda hata kidogo. Anaona alikotoka tu, na anapaona vizuri, na ndiyo maana ana uhakika mkubwa. Nafikiri wengi wetu tunatembea na imani zetu namna hiyo. Sina dawa ya jambo hilo, ila nimepata hili, nawaachia na ninyi: usitembee bila mtu aliyekugeukia, anayeiona njia iliyo nyuma yako, na ambaye haogopi kukuambia.

"Jiwe," akasema mke wangu.

Nikainua mguu.